Malezi ya Hisia Katika Shule za Watoto Wadogo: Kutoka Stans hadi Mombasa

Malezi ya hisia shuleni ni kazi ya kumsaidia mtoto mdogo azitambue hisia zake, azitaje, azitawale, na azione za wenzake, mpaka aweze kukaa nao bila kuumiza wala kuumizwa. Siku hizi kazi hiyo huzungumzwa kana kwamba ilizaliwa na vitabu vya saikolojia vya miaka ya 1990. Historia yake ni kongwe kuliko hapo, na sura zake nyingi zilianzia mahali penye dhiki: kituo cha mayatima, mtaa wa maskini, mji uliokuwa ukipigwa mabomu. Walioianza walikuwa walimu. Watafiti walifika baadaye, wakaipa jina na vipimo.

Mnamo Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliteketeza nyumba na makanisa ya Nidwalden, katikati ya Uswisi, baada ya wenyeji kukataa kuapa utii kwa utawala mpya. Watoto wengi waliachwa bila wazazi. Serikali ilimtuma Johann Heinrich Pestalozzi, mzee wa miaka 52 ambaye mpaka wakati huo alijulikana zaidi kwa kufilisika kuliko kwa kufundisha, akafungue kituo cha mayatima katika mji wa Stans. Kituo kilianza Januari 1799 katika jengo la watawa wa kike, na baada ya muda kilikuwa na watoto wapatao 80. Walifika wakiwa na upele na chawa, wengine wakali, wengine wamenyamaza kabisa, karibu wote wakimshuku kila mtu mzima.

Pestalozzi hakuwa na walimu wenzake. Alikula na watoto, akalala miongoni mwao, akawauguza. Katika barua aliyoiandika kuhusu miezi hiyo alieleza mpangilio aliouona kuwa wa lazima: kwanza mtoto ashibe, apate joto na aamini kwamba anapendwa, kisha azoezwe kutenda mema na kujizuia, maneno ya mafundisho yaje mwisho kabisa, tena machache. Mji wa Altdorf ulipoungua, aliwakusanya watoto akawauliza kama wangependa kupokea baadhi ya mayatima wa huko, akawaonya kwamba chakula kingepungua na nguo zingegawanywa. Walikubali. Pestalozzi aliona jambo hilo limefundisha zaidi ya mahubiri yoyote, kwa sababu watoto walihurumia kwa kutoa, si kwa kusikiliza habari za huruma. Mwezi Juni 1799 jengo lilichukuliwa na jeshi liwe hospitali, na kituo kikafungwa kabla hakijatimiza nusu mwaka. Mengi yaliyokuja kufanywa baadaye katika shule za watoto wadogo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa hapo, na bado ni vigumu kupata muhtasari bora kuliko mpangilio wake wa hatua tatu.

Miongoni mwa waliokwenda kujifunza kwa Pestalozzi, wakati huo akiwa Yverdon, alikuwa Mjerumani Friedrich Froebel, aliyekaa huko kati ya 1808 na 1810. Froebel alifiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka mmoja, na wengi walioandika maisha yake wamehusisha upweke huo na bidii yake kwa watoto wadogo. Mwaka 1837 alianzisha kituo chake Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akakiita bustani ya watoto, jina lililoenea duniani kote kwa Kijerumani chake. Watoto walipewa vifaa alivyoviita zawadi, cha kwanza kikiwa mipira laini ya sufu yenye rangi mbalimbali. Walilima vijishamba, kila mmoja na chake, pamoja na shamba la wote. Waliimba na kucheza wakiwa wameshikana mikono katika mduara.

Mduara huo ndio urithi wa Froebel uliodumu kuliko zawadi zake. Katika mduara hakuna wa mbele wala wa nyuma. Kila mtoto anaona nyuso za wote, na mchezo hauendelei mpaka mmoja amngoje mwenzake. Serikali ya Prussia ilipopiga marufuku shule hizo mwaka 1851, ikidai kwamba zinaeneza ukafiri na ujamaa, ilimvunja moyo mwanzilishi aliyefariki mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, lakini kwa wakati huo walimu wa kike waliofunzwa na Froebel walikuwa wamekwisha kuupeleka mduara Uingereza na Marekani.

Sura inayofuata ilifunguliwa Roma. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alizindua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa vibarua. Wenye majengo walitaka tu watoto waache kuharibu kuta na ngazi wakati wazazi wapo kazini. Walikusanywa watoto wapatao 50, wa kati ya miaka 2 na 7. Montessori anajulikana zaidi kwa vifaa vyake vya mbao, na wanaoviuza hupenda iwe hivyo. Lakini maandishi yake yana tukio dogo linaloeleza zaidi. Siku moja aliamua kuwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso bila kelele. Walimtazama kwa makini, hakuna aliyecheka, na alipomaliza wakampigia makofi. Montessori alifahamu baadaye kwamba watoto hao walikuwa wamekaripiwa na kuaibishwa maisha yao yote kwa ajili ya kamasi, na hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha lifanywalo. Alichokuwa amegusa ni heshima yao.

Kutokana na matukio ya namna hiyo yalizaliwa mazoezi ya adabu ya darasa la Montessori: kumpisha mtu, kuomba radhi, kukatiza mazungumzo kwa upole, kubeba kiti bila kukiburuza. Kila kifaa kilikuwa kimoja tu darasani, kwa hiyo anayekitaka alilazimika kungoja mwenzake akirudishe. Uhaba huo ulikusudiwa, na shule nyingi zinazojiita za Montessori huuharibu kwa kununua seti tatu. Palikuwapo pia mchezo wa ukimya, ambapo watoto walishindana na miili yao wenyewe mpaka sauti ya saa ya ukutani ikasikika. Montessori alipunguza tuzo na adhabu mpaka zikakaribia kutoweka, kwa hoja kwamba mtoto anayetulia kwa ajili ya peremende hajajifunza kutulia.

Katika Uingereza dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya wazi kwa watoto wadogo huko Deptford, London, mwaka 1914. Kwao usingizi, hewa, bafu na maziwa vilitangulia somo lolote. Walikuwa wakirudia hatua ya kwanza ya Stans.

Aliyeyachunguza mambo kwa undani zaidi alikuwa Susan Isaacs. Mwaka 1924 Geoffrey Pyke, tajiri wa ghafla aliyepata fedha kwa kubahatisha bei za madini, alimpa kazi ya kuongoza shule ndogo ya Malting House mjini Cambridge. Ilianza na wavulana 10 walio chini ya miaka 5, baadhi yao wakiwa watoto wagumu ambao wazazi walikuwa wamechoka nao. Watoto waliachiwa uhuru mkubwa: bustani, wanyama, moto, zana za kweli za useremala, na ruhusa ya kusema lolote. Isaacs na wasaidizi wake waliandika yaliyotendeka na yaliyosemwa siku baada ya siku. Ndani ya kumbukumbu hizo mna wivu wa kaka kwa mdogo wake, njama za wawili dhidi ya wa tatu, hofu ya kuachwa, ukatili unaofuatwa na majuto, na huruma inayojitokeza pasipo kutazamiwa. Vitabu viwili vilitoka humo, cha kwanza mwaka 1930 kuhusu kukua kwa akili, cha pili mwaka 1933 kuhusu maendeleo ya kijamii ya watoto wadogo.

Kitabu hicho cha pili kilivunja dhana mbili kwa pamoja. Wale walioamini kwamba mtoto ni malaika mpaka aharibiwe na watu wazima walikuta humo chuki na uchoyo visivyofundishwa na mtu. Wale walioamini kwamba mtoto hunyooshwa kwa fimbo walikuta kwamba hasira iliyosikilizwa hupungua, nayo iliyonyamazishwa hugeuka kuwa hila. Isaacs alisisitiza kuwa uhuru wa kuhisi na kusema si uhuru wa kupiga. Mtoto mdogo huogopa ukubwa wa hasira yake mwenyewe, na mtu mzima anayemzuia mkono kwa uthabiti, bila kumchukia, humpa salama. Isaacs aliondoka Malting House mwishoni mwa 1927. Shule ilifungwa mwaka 1929 baada ya Pyke kupoteza mali yake katika biashara ileile iliyomtajirisha. Kwa miaka kadhaa Isaacs aliwajibu wazazi na yaya katika gazeti la malezi kwa jina la kubuni, Ursula Wise, na mwaka 1933 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya makuzi ya mtoto katika Taasisi ya Elimu ya London. Walimu wengi waliofundisha chekechea za Uingereza kwa kizazi kilichofuata walipitia mikononi mwake au vitabuni mwake.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta somo ambalo hakuna aliyelitafuta. Mwaka 1941 Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulelea watoto wa London waliotenganishwa na wazazi wao. Mwanzoni walezi waliwahudumia watoto wote kwa zamu, na watoto walidumaa kwa hisia hata walipolishwa vizuri. Ndipo vituo vikapangwa kwa familia ndogondogo, kila mlezi na watoto wake wachache. Kilichofuata kwanza ni ghasia: wivu, vilio, kugombea mapaja ya mlezi. Baada ya majuma watoto walianza kutulia, kuzungumza zaidi na kujifunza usafi haraka. Tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba mlezi yeyote anatosha ilimradi chakula kipo.

Miaka ya 1960 ilihamishia kitovu cha kazi hii Marekani, na kwa mara ya kwanza ikapimwa kwa tarakimu. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, David Weikart alikuwa afisa wa elimu aliyeona watoto weusi wa mtaa maskini wakishindwa shuleni mwaka hadi mwaka. Kati ya 1962 na 1967 alichagua watoto 123 wa miaka 3 na 4 kutoka familia za kipato cha chini. Watoto 58 waliingizwa katika shule ya awali ya Perry. 65 wakabaki bila huduma hiyo ili walinganishwe. Darasa lilikuwa la saa mbili na nusu kila asubuhi, na mwalimu aliitembelea nyumba ya kila mtoto mara moja kwa wiki. Mtoto alianza siku kwa kusema atakachofanya, akakifanya, kisha akakaa na wenzake kueleza kilichotokea. Mpango, kazi, kumbukumbu: ratiba hiyo rahisi ilimlazimu mtoto kungoja, kuchagua, kushindwa na kusimulia kushindwa kwake.

Kusudi lilikuwa kuinua alama za akili. Zilipanda kweli, na kwa muda mradi ukasifiwa. Kisha, watoto walipofika madarasa ya mwanzo ya msingi, tofauti kati ya makundi mawili ikayeyuka. Kama watafiti wangefunga madaftari hapo, Perry ingekumbukwa kama jaribio lililoshindwa. Waliendelea kuwafuatilia. Walipofika umri wa miaka 40, asilimia 77 ya waliopitia Perry walikuwa wamemaliza sekondari, kwa kulinganisha na asilimia 60 ya wenzao. Waliokamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa asilimia 36 upande mmoja na asilimia 55 upande wa pili. James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2000, alizichambua upya takwimu hizo na wenzake. Uchambuzi wao wa mwaka 2013 uliona kwamba sehemu kubwa ya faida ilipita katika mwenendo, hasa kupungua kwa ukali na uvunjaji wa kanuni tangu utotoni. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na mji mmoja si dunia. Hata hivyo ni nadra kupata mfano mwingine ulio wazi namna hii wa mradi uliofaulu katika jambo ambalo halikuwa limeandikwa kwenye shabaha yake.

Mwaka 1968, mjini New Haven, daktari wa magonjwa ya akili James Comer wa Chuo Kikuu cha Yale aliingia katika shule mbili za msingi zilizokuwa za mwisho mjini kwa matokeo na mahudhurio. Hakuanza na mtoto. Alianza na watu wazima: wazazi, walimu, wahudumu na wataalamu waliketi meza moja kuamua mambo ya shule, na kulaumiana kukapigwa marufuku mezani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hawezi kujifunza uhusiano mwema katika jengo ambalo wakubwa wake hawasemezani.

Njia nyingine ilianzia kwa watoto viziwi. Mapema miaka ya 1980 Mark Greenberg na Carol Kusché waliwaandalia masomo ya kutaja hisia na kutatua matatizo, kwa sababu watoto wengi viziwi walikuwa wamenyimwa lugha ya mambo ya ndani. Masomo hayo yalihamia baadaye katika shule za kawaida. Lililopendwa zaidi na watoto ni la kobe: aliyekasirika hujikunyata kama aliyeingia gambani, akavuta pumzi, akasema kilichomkera na anavyojisikia.

Jina lilikuja mwaka 1990, Peter Salovey na John Mayer walipochapisha makala iliyoeleza akili ya hisia kuwa uwezo wa kuzifuatilia hisia za mtu mwenyewe na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Makala hiyo ilisomwa na wachache. Kitabu cha mwandishi wa habari Daniel Goleman cha mwaka 1995 ndicho kilicholifikisha jina hilo kwenye meza za mawaziri na wakurugenzi, kikiwa na madai makubwa kuliko ushahidi uliokuwapo. Mwaka mmoja kabla, Goleman alikuwa miongoni mwa walioanzisha chombo cha ushirikiano kuhusu ujifunzaji wa kijamii na kihisia, kijulikanacho kwa kifupisho CASEL, kilichokaa kwanza Yale kisha Chicago. Mwaka 1996 Mary Gordon wa Toronto alianza jambo la tofauti kabisa: kumleta darasani mtoto mchanga wa mtaa wa karibu pamoja na mzazi wake, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, ili wanafunzi wajifunze kusoma kilio na tabasamu la asiyeweza kusema.

Baada ya jina kupatikana, fedha zilifuata, na pamoja nazo mashaka. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011 na Joseph Durlak na wenzake yalikusanya programu 213 zilizohusisha wanafunzi 270,034. Wanafunzi waliopitia programu hizo walikuwa mbele ya wenzao katika mwenendo, na katika masomo kwa wastani wa nafasi 11 kati ya 100. Matokeo bora zaidi yalitoka pale mwalimu wa darasa alipofundisha mwenyewe, kwa utaratibu na kwa vitendo. Uingereza, kwa upande wake, ilisambaza programu ya taifa katika shule za msingi mwaka 2005 na sekondari mwaka 2007. Tathmini ya shule za sekondari iliyotolewa mwaka 2010 haikuona mabadiliko ya maana. Shule ziliachiwa zichague zitakalo, na nyingi zilichagua kidogo. Jaribio maarufu la Walter Mischel lililofanywa katika shule ya watoto ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo mtoto aliyengoja alipata peremende mbili badala ya moja, nalo lilitumika kwa miaka mingi kama uthibitisho kwamba kujizuia utotoni hutabiri maisha. Utafiti wa mwaka 2018 uliotumia watoto wengi zaidi ulikuta uhusiano huo ni dhaifu, hasa hali ya nyumbani inapohesabiwa. Mtoto wa nyumba yenye njaa ana sababu nzuri ya kula kilichopo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kazi ya kumfunza mtoto mdogo hisia na mwenendo ilikuwa ya nyumba na ya chuo cha Kurani. Nyumbani palikuwa na bibi, hadithi za jioni, vitendawili na michezo ya kuimba. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa binti yake, na unaonyesha jinsi kauli, unyenyekevu na kujizuia vilivyohesabiwa kuwa elimu kamili. Chuoni mtoto alijifunza herufi, sura fupi na adabu ya kukaa mbele ya mwalimu. Huko bakora pia ilikuwapo, na wazazi wengi walimkabidhi mwalimu mtoto pamoja na ruhusa ya kuitumia. Shule za misheni na za serikali ya kikoloni zilipokuja hazikuiondoa; ziliongeza kengele, daftari na mtihani.

Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, vijiji na mitaa vilijenga shule za watoto wadogo kwa harambee, mara nyingi kibanda kimoja na mama mmoja asiye na mafunzo. Mwaka 1971 mradi wa elimu ya awali ulianzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, ndani ya Taasisi ya Elimu ya Kenya. Matawi yake ya wilaya yalikusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya lugha za wenyeji ili vitumike darasani. Kwa mtazamo wa historia hii huo ulikuwa uamuzi mkubwa, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hana lugha nyingine ya kutaja huzuni yake isipokuwa ya mama yake.

Mombasa ilikuwa na shida yake. Mapema miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walilalamika kwamba watoto wao hawafui dafu shule za msingi, na kwamba wazazi walilazimika kuchagua kati ya chuo na chekechea. Wakfu wa Aga Khan ulikubali kusaidia, na kazi ya kuunda mfano ikakabidhiwa mwalimu mzoefu wa Mombasa, Bi. Swafiya Said. Kufikia katikati ya muongo huo shule za awali za kwanza zilikuwa zimefunguliwa ndani ya madrasa. Programu ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa mitaa ileile walifunzwa kuwa walimu, na jamii ilimiliki shule kupitia kamati yake.

Mtaala wake ulikuwa mchanganyiko usio wa kawaida. Mafunzo ya dini na desturi za Waswahili yaliunganishwa na njia ya HighScope, yaani ileile iliyozaliwa Ypsilanti. Darasa liligawanywa kwa kona, na vifaa vikatoka karibu: vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vizibo vya chupa, vitambaa. Mtoto alipanga, akatenda, kisha akasimulia. Ugomvi ulipotokea, njia ya HighScope ilimtaka mwalimu afike kwa utulivu na kuzuia mikono, ataje hisia za kila mmoja, aulize kilichotokea, alieleze tatizo upya, awaombe watoto suluhisho, kisha akae karibu kuona kama suluhisho limeshika. Hatua hizo sita si ngeni kwa mtu aliyewahi kuona wazee wakisuluhisha. Ugeni ulikuwa katika kumwona mtoto wa miaka 4 kuwa mtu wa kuketishwa barazani na kuulizwa.

Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma shule za awali za madrasa waliwatangulia waliosoma shule nyingine za awali, na makundi yote mawili yakawatangulia waliobaki nyumbani. Kipimo kilichotumika kilikuwa cha maendeleo ya akili. Kama Ypsilanti ya miaka ya 1960, darasa lililowekeza katika kungoja, kusikiliza na kusuluhisha lilipimwa kwa maumbo, namba na maneno. Sehemu kubwa ya waliyofanya walimu wale haijawahi kupata kipimo cha kufaa.

Serikali zilifuata polepole. Tanzania iliitambua elimu ya awali katika sera ya elimu ya mwaka 1995, na sera ya 2014 ikafanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliweka kuhusiana kuwa umahiri wa kwanza kutajwa, kabla ya hisabati. Kenya ilianza majaribio ya mtaala wa umilisi mwaka 2017. Desemba 2021 Tanzania ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo malezi yenye mwitikio ni mojawapo ya nguzo zake: mlezi aisome ishara ya mtoto na kuijibu.

Nchi hizo mbili zimeachana katika jambo moja. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 pamoja na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikaimarisha marufuku hiyo, ingawa fimbo bado inaonekana katika madarasa mengi. Tanzania Bara bado ina kanuni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinazoruhusu adhabu ya viboko. Kuanzia Stans hadi Mombasa, hakuna hata mmoja wa walimu waliofaulu katika kazi hii aliyeijenga juu ya kuogopwa. Mpaka kanuni hizo zibadilishwe, mwalimu wa awali wa Tanzania Bara ataendelea kuwa na mtaala unaomtaka afundishe kuhusiana, na sheria inayoiacha fimbo katika ofisi ya mwalimu mkuu.